Neno Moja, Mara Mbili

Sikumwambia Mwalimu Hokororo kwamba nina barua.
Nilimuuliza neno tu, pale mlangoni,
nikikung'uta mchanga wa Newala kwenye kandambili:
lile lenye herufi nne, linaloanza kama upepo
na kuisha kama mtu anayenyamazisha mtoto.

"Aa, wishi," akasema. "Kaa, Bi Somoe.
Leo tunaanza nalo."

Darasa la tatu B, jioni, madawati ya watoto,
magoti yetu yamegota kwenye mbao.
Akaandika ubaoni kwa chaki iliyobaki kama jino.
Hiki ni kitenzi cha kutamani, akasema,
lakini kina kiburi.
Kikitangulia, kinachofuata kinarudi nyuma hatua moja:
unatamani leo, unasema kwa jana.
Ai wishi ai hedi.
Ukimsikia mtu anasema hivyo, ujue hana.

Hana! Tukacheka.
Chilumba akatamani bodaboda isiyo ya hesabu.
Asumini akatamani kisima cha kwao kingejaa
kabla mvua haijakata.
Mwalimu akamsahihisha mvua, akamsahihisha kisima.
Kiu hakuigusa.

Mimi nilikuwa nahesabu kwa vidole,
vidole hivi vya kubangua, vilivyoliwa na mafuta ya ganda
hata siku ya kusajili laini
mashine ikavikataa mara nne,
kijana akasema: mama huyu alama hana.

Nahesabu: kwenye barua lile neno lipo mara mbili.
Moja juu kabisa, moja chini, jirani na mhuri.
Msimamizi alitugawia getini. Subirini, alisema.
Mjukuu wangu akalitambua moja tu, hilo hilo:
ni la kadi za sikukuu, bibi, la kutakiana heri.
Basi miezi mitano nimeilalia chini ya mto.
Kampuni iliyonitakia heri mara mbili katika ukurasa mmoja,
ingeniachaje?

Nikanyoosha mkono.
Mwalimu, na likifuatwa na *tu infomu*?
Akatabasamu. "Hilo ni wishi la ofisini.
Halitamani kitu. Limevaa tai.
Maana yake, tunakujulisha."
Na likifuatwa na *yu weli*?
Hapo chaki akaiweka chini.
"Inategemea," akasema, "nani anaondoka."

Njiani nikanunua ming'oko ya mia tano,
chumvi, pilipili, ndimu, nikala nikitembea gizani.
Miaka kumi na saba nimetoa punje nzima, nyeupe,
bila kuipasua.
Na wao wamenitoa vivyo hivyo,
kwa ustadi, ganda huku, mtu kule.

Sikulia.
Ila nililala nikisikia jinsi lugha yetu inavyotamani:
haitangulizi neno mbele likavimba kifua,
inaliingiza tumboni mwa kitenzi,
*nge*, kama kijiwe kwenye wali.
Ningejua. Ningeuliza mapema. Ningepanda ufuta mwezi wa kwanza.
Unatafuna, unatafuna,
mpaka jino likwambie.

Jumatano Mwalimu alitaka sentensi moja kwa kila mtu.
Chilumba akaandika tena pikipiki, safari hii nyekundu.
Mimi nikaigeuza barua, mgongo wake ulikuwa mweupe,
nikaanza taratibu, herufi kubwa,
*Ai wishi tu infomu yu*
kwamba mimi ni Somoe Nampwapwa, meza ya tisa,
kwamba vidole ni kumi japo mashine haivioni,
kwamba mishahara mitatu haijafika Newala.

Akaisoma kalamu nyekundu ikiwa hewani.
Akaisoma tena. Akageuza upande wa pili, akasoma huko pia,
akakaa kwenye dawati la mtoto, magoti juu.

"Unampelekea nani?"

Walewale, nikasema.
Wao ndio walioanza kunitakia heri.